Windows mpya imeingia, studio imegoma!

Wiki hii tunawapumzisha kidogo wapenzi wanaogombana na mabinti wanaoahidiwa simu, tunaingia kwenye kile chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani na pazia zito mlangoni. Ndiyo, studio. Tena si studio za Sinza wala Kinondoni, hizo zimeandikwa hadi zimechoka zenyewe. Tunapanda Kigoma ya milimani, Kasulu na Kibondo, kule ambako asubuhi watu wanaamkiana "mwakeye" na baridi ishakuamkia kabla yao.

Usicheke. Kigoma si ya kubezwa kwenye muziki. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa ule walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars, wakaachia "Leka Dutigite", na ndani yake alikuwamo Diamond Platnumz, alikuwamo Linex, alikuwamo Mwasiti, na wengine kibao. Hao wameshafika mjini, wana mameneja na walinzi. Leo nazungumzia waliobaki kule juu: kijana mwenye laptopu moja, spika mbili, maiki moja, na kwaya nne zinazosubiri zamu nje ya mlango.

Maana kule hela ya studio haitoki kwa marapa, inatoka kwa kwaya. Kasulu ndiko makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana. Kabanga kuna Wakatoliki na hospitali yao. Wapentekoste wako kila kona. Kila kanisa lina kwaya na kila kwaya inataka albamu. Ongeza Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na baadaye ikapokea Warundi, na magitaa yaliyovuka pamoja na watu hao. Prodyuza wa kule anaweza kurekodi kwaya ya Kiha asubuhi, seben mchana, na jioni akampangia midundo kijana wa sekondari anayetaka kumwimbia demu wake. Kazi ipo!

Sasa kasheshe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi mlango wa Windows 10, ile iliyoingia mwaka 2015 na kukaa kwenye kompyuta za watu kama mpangaji asiyehama. Kufunga mlango si kwamba kompyuta zilizima siku ile. Zilifanya kazi kama kawaida, ila viraka vya bure vya ulinzi vilikoma. Kwa wenye kujiandikisha kampuni ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026. Lakini nani kule stendi anasoma tangazo la nyongeza? Watu waliona ujumbe mwekundu kwenye kioo, wakaogopa, wakabeba laptopu kwa fundi. "Fundi, nipigie Windows mpya." Fundi naye bila hiyana akapiga.

Jioni prodyuza anarudi studio, anawasha. Loh! Kioo kinang'aa, vitufe vimehamia katikati kama kwenye Mac, kila kitu cha kisasa ile mbaya. Anafungua FL Studio, anafungua nyimbo za kwaya. Kimya. Kinanda hakipo. Ngoma zimekuwa maandishi mekundu. Anabonyeza kurekodi, maiki haisikii. Na hapo mchungaji ameshatangaza jubilei.

Hata kama hukuwapo, mazungumzo ya kesho yake unaweza kuyasikia:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kanda yetu imefikia wapi?"

"Nyimbo zipo mama, ila kwa sasa hazifunguki. Nimebadilisha mtambo kidogo."

"Zipo ila hazifunguki?"

"Ndiyo mama."

"Mwanangu, tumeuza maharage ya kwaya kukulipa. Mimi kitu kikiwepo na kisifunguke, naita kimepotea."

Mama mwenyekiti hajakosea sana. Hebu tuone kilichotokea ndani ya hilo boksi, kwa sababu mara nyingi nyimbo ziko hai kabisa, na ni vitu vinne vitano tu vilivyozunguka nyimbo ndivyo vilivyokatika.

Kwanza umjue mnyama mwenyewe. Programu inayotawala vyumba hivi, Kasulu sawa na Manzese, ni FL Studio. Wakongwe wanaijua kwa jina la FruityLoops. Ilizaliwa Ubelgiji Desemba 1997 kwenye kampuni ya Image-Line, kwa mkono wa Didier Dambrin, ikiwa kidude cha kupanga ngoma chenye chaneli nne tu. Mwaka 2003 ikabadili jina, na mwaka 2018 ikaruka kutoka toleo la 12 hadi la 20 kwa mkupuo, eti inasherehekea miaka 20. (Wabelgiji na Kigoma ni watu wa kujuana, kwani waliiteka mwaka 1916 wakati wa vita na Wajerumani na kuishikilia hadi 1921. Safari hii wamekuja na midundo, afadhali.)

Utaikuta pia Cubase ya Wajerumani wa Steinberg, hasa Cubase 5 ya mwaka 2009, ambayo ilining'inia kwenye studio nyingi miaka na miaka baada ya wenyewe kuisahau. Na kuna wazee wanaoapa kwa Cool Edit Pro, ambayo Adobe waliinunua mwaka 2003 na kuigeuza Audition. Hao wazee ukiwaambia habari ya Windows 11 wanakuangalia tu, wanaendelea kunywa chai.

Sasa, jambo la kwanza linalokufa ni draiva ya kadi ya sauti. Kadi ya sauti ni kile kiboksi unachochomekea maiki. Haiwezi kuongea na Windows bila mkalimani, na huyo mkalimani ndiye draiva. Kwa muziki tunahitaji mkalimani wa aina ya pekee, ASIO, aliyebuniwa na hao hao Steinberg, kwa sababu yeye hapitii foleni. Windows ya kawaida inachukua sauti, inaipeleka kwenye meza ya kuchanganyia pamoja na milio ya WhatsApp, ndipo inaitoa. ASIO anapita mlango wa nyuma.

Kuna hesabu hapa, usikimbie. Sauti inakatwa vipande 44,100 kila sekunde. Kompyuta inavikusanya kwenye ndoo iitwayo bafa kabla ya kuvifanyia kazi. Ndoo ya vipande 128 inajaa kwa milisekunde 3 hivi, ya 512 kwa milisekunde karibu 12, na ya 2,048 kwa milisekunde 46. Mwimbaji akivaa hedifoni na kusikia sauti yake imechelewa milisekunde 46 za kwenda na nyingine za kurudi, anaanza kujisubiri. Anaimba, anajisikia nyuma, anapunguza mwendo, kwaya nzima inaburuta kama lori la mihogo mlimani. Prodyuza anawafokea, wao wanamshangaa. Kumbe mkosaji ni draiva ya jumla ambayo Windows mpya imejiwekea yenyewe baada ya kuitupa ile ya kiwandani.

Kwa nini iitupe? Kwa sababu draiva inafanya kazi ndani kabisa, chumbani kwa Windows, na Windows 11 ina mlinzi anayekagua kila anayeingia huko. Kwenye mipangilio utamkuta kwa jina la Core isolation. Draiva ya mwaka 2009 isiyo na vibali vipya inaambiwa irudi ilikotoka. Ukiwa na kadi ya Focusrite, PreSonus, Behringer au M-Audio ya miaka ya karibuni, unakwenda kwa mwenye kadi, unashusha draiva mpya, mambo fresh. Ukiwa na kiboksi ambacho kampuni yake imekufa au imekisahau, hapo ni kimeo. Kuna dawa ya bure ya siku nyingi iitwayo ASIO4ALL, na FL Studio nayo inakuja na ASIO yake. Zinasaidia, lakini ni kama kukodi mkalimani wa jirani, ataongea lakini si lugha ya nyumbani kwenu. Na mlinzi yule unaweza kumzima, ila kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayopokea fleshi za kila mtu mjini. Mimi singemzima.

Kabla hujalia kwamba kadi imekufa, angalia kwanza jambo la kijinga: ruhusa ya maiki. Windows za siku hizi zina swichi ya faragha inayozuia programu kusikiliza maiki. Baada ya kupiga Windows mpya swichi hiyo inaweza kuwa imezimwa, na ukitumia ile ASIO ya FL utarekodi kimya kizuri cha ubora wa juu. Iwashe. Dakika moja.

Jambo la pili ni plagini, na hapa ndipo pesa na machozi vilipo. Plagini ni vile vinanda, magitaa na vinyoosha sauti vinavyopachikwa ndani ya programu kubwa. Utaratibu huo wa kupachika, VST, nao ni wa Steinberg, tangu 1996. Plagini za zamani zimeandikwa kwa biti 32. Biti hizi si zile za kuchezea, ni urefu wa namba ambayo kompyuta inaweza kuhesabu kwa mkupuo mmoja. Namba ya biti 32 inaishia kwenye bilioni nne na ushee, ndiyo maana programu ya biti 32 haioni kumbukumbu zaidi ya GB 4 hata ukiijazia 16. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Programu za biti 32 bado inaziendesha, hapo haina ubaya. Ila ukiweka FL au Cubase mpya ya biti 64, haiwezi kumeza plagini ya biti 32 moja kwa moja. Inataka daraja.

FL Studio ilijenga daraja lake, na Reaper ya Wamarekani wa Cockos pia inalo. Lakini daraja la plagini moja au mbili ni sawa, ukivusha vinanda kumi na tano kwa pamoja utaona kompyuta inavyohema. Cubase yenyewe ilishaacha kuzibeba. Kwa hiyo fundi aliyekupigia Windows mpya na "kukusaidia" kuweka programu mpya ya biti 64 ndiye aliyeua kinanda cha kwaya, wala si Windows.

Wenye Mac za mjini msijichekee. Oktoba 2019 Apple walitoa macOS Catalina, na kwa siku moja wakafuta biti 32 zote. Hakuna daraja wala mtumbwi. Watu waliobonyeza "sasisha" usiku waliamka hawana nusu ya vyombo vyao. Mwaka uliofuata, Novemba 2020, wakaleta prosesa za M1, plagini nyingi zikahitaji kurekebishwa. Ikilinganishwa na hao, Microsoft ni wapole.

Sasa nizungumze la chini ya meza. Kraki. Studio nyingi tunazijua, tusidanganyane, zinatembea kwa programu zisizolipiwa. Ilikuwa hivyo Dar, ikawa hivyo Mwanza, ikawa hivyo Kibondo. Sihubiri, mimi si mchungaji. Lakini kitaalamu kraki ndiyo ya kwanza kudondoka Windows ikibadilika, kwa sababu leseni ya kughushi imeshikiliwa kwa uzi kwenye faili fulani ya mfumo, na mlinzi wa Windows akiikuta anaisoma kama kirusi na kuifuta bila kubisha hodi. Prodyuza anaitafuta tena huko mtandaoni, safari hii anashusha kirusi cha kweli, na kirusi kinakula nyimbo za kwaya tano. FL toleo la Fruity limeuzwa kwa muda mrefu dola 99, ila hilo kwa miaka mingi halikurekodi vokali, ulihitaji la Producer ambalo ni ghali zaidi. Hela hiyo kwa Kibondo si mchezo. Faida yake ni kwamba ukinunua mara moja matoleo yote yajayo unapewa bure maisha yako yote, na ukipiga Windows mpya unaingia kwenye akaunti yako tu, kwisha. Reaper leseni ndogo ni dola 60. Kwaya nne zikichanga... haya, nimenyamaza.

Hata waliolipa hawako salama sana. Cubase za zamani zilitaka kidude cha USB chenye leseni ndani, ukikipoteza umepoteza programu. Tangu Cubase 12 ya mwaka 2022 kidude hakihitajiki tena, na Mei 2025 Steinberg walifunga huduma nzima ya leseni za vidude. Hapo mwenye Cubase ya zamani iliyonunuliwa kwa halali kabisa anajikuta njia panda na mwenye kraki. Hiyo mimi naiona si haki, lakini ndo hivyo.

Jambo la tatu ni lile la maandishi mekundu, na hili ndilo la kufurahisha kwa sababu karibu siku zote lina dawa. Faili ya wimbo ya FL haibebi sauti ndani yake. Inabeba maelekezo: ngoma iko folda fulani, vokali ya sopulano iko folda fulani. Kama barua inayosema "mgeni atashukia kwa fulani, nyumba ya tatu baada ya mwembe". Fundi amekata mwembe. Amehamisha nyimbo kutoka diski C kwenda D, au Windows 11 yenyewe imeuchukua mfuko wa Documents na kuuweka ndani ya OneDrive, ambako kila njia inabadilika, na kwa kukomoa inaanza kupakia gigabaiti za kwaya angani kwa bando lako. OneDrive ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inakuletea kelele. Izime kwa ajili ya folda za muziki. Kisha mwonyeshe FL folda mpya ya sampo, itatafuta yenyewe, na maandishi mekundu yanarudi kuwa ngoma moja baada ya nyingine. Watu wamewahi kulia kwa furaha kwa jambo hili.

Ila angalizo: FL mpya inafungua nyimbo za FL ya zamani, kinyume chake usitegemee. Kwa hiyo usifungue wimbo wa zamani kwenye toleo jipya ukausevu juu ya ule ule, halafu utake kurudi kwenye laptopu ya zamani. Sevu kwa jina jingine.

Mengine ni madogo. Sauti inakwaruza kama mafuta ya taa jikoni? Windows mpya imerudisha mpango wa kubana umeme, kaubadilishe uende kwenye nguvu kamili. Kompyuta inajizima na kuwaka katikati ya vokali? Simamisha masasisho, inakubali hadi wiki tano.

Umeme wenyewe je? Kasulu na Kibondo miaka mingi ziliishi kwa majenereta ya dizeli, na mwaka 2022 zikaingia kwenye Gridi ya Taifa. Ni hatua kubwa, wenye studio ndio wanaojua. Lakini umeme ukikatika sekunde tatu tu wakati Windows imefika asilimia 62, na laptopu yako betri ilishakufa tangu enzi za Kikwete, utabaki na kioo cheusi. Kazi hiyo haifanywi bila UPS, na haifanywi kwa bando la wasiwasi, maana faili ya Windows 11 inapita GB 5.

Na hapo ndipo naja kwenye swali lenyewe: hivi ilikuwa lazima? Windows 11 kwa sheria zake inataka prosesa ya Intel kizazi cha nane kwenda juu na kidude cha ulinzi cha TPM 2.0. Dell na HP zilizotumika za mwaka 2012, zile zinazoletwa kwa makontena na kufika Kasulu kupitia Kariakoo, hazifiki hapo. Fundi anapita kwa dirishani, anailazimisha, inakubali. Lakini umepata nini? Umebeba Windows nzito kwenye mashine nyepesi, na Microsoft wameshasema mashine ya namna hiyo hawaiahidi masasisho.

Maoni yangu ni haya, na mafundi wa stendi wasinichukie. Kompyuta inayofanya kazi ya kwaya iliyolipwa haiguswi hadi kwaya iondoke na CD yao. Kazi ikiisha, kama kweli unataka Windows mpya, usipige juu ya ile ya zamani. Nunua diski ya SSD, ya GB 240 inatosha kuanzia. Fungua laptopu, toa diski ya zamani nzima nzima, ifunge kwenye soksi safi uiweke kabatini. Piga Windows mpya kwenye diski mpya. Ikikubali, asante. Ikigoma, skrubu mbili tu, unarudisha ya zamani na jioni kwaya inaimba. Aliyekwisha kupiga juu ya ile ya zamani bila kufuta bado ana siku 10 za kughairi, kwani Windows huweka nguo zake kuukuu kwenye folda ya Windows.old kwa muda huo, ukienda kwenye mipangilio unakuta kitufe cha kurudi. Siku ya 11 hakuna.

Na hiyo mashine ya zamani yenye Windows 10, au hata 7 iliyofungiwa Januari 2020, si lazima ife. Ichomoe kwenye intaneti. Kabisa. Isiende Facebook, isishushe filamu, isiguswe na mdogo wako wa kidato cha pili. Ikae inapiga kinanda chake cha biti 32 hadi izeeke kwa heshima. Mtandao utumie kwenye simu. Fleshi za wageni zikaguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine.

Bado mama mwenyekiti yuko mlangoni. Kwake yeye kuna kazi moja ya jioni mbili tatu, ambayo prodyuza angeifanya hata kabla ya kumwona fundi. Fungua kila wimbo kwenye mashine ambayo bado inaufungua, utoe kila njia peke yake kama WAV: sopulano peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, ngoma peke yake, zote zikianzia sekunde ile ile ya kwanza. WAV ipo tangu 1991 na haijapata kukataliwa na Windows yoyote wala Mac yoyote, haijui plagini wala leseni. Wimbo wa dakika tano wenye njia 20 utachukua GB 1.6 hivi, kwa hiyo albamu ya nyimbo nane inaingia kwenye fleshi ya GB 16. Pamoja nayo utumie ule mlango wa FL wa kusevu wimbo na sampo zake zote kwenye furushi moja la zip.

Chukua fleshi mbili. Moja abaki nayo prodyuza. Nyingine apewe mama, akaiweke kwenye sanduku pamoja na daftari la michango ya kwaya.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi, yule dada wa Tabata bado anasubiri jibu.